Malalamiko Juu ya Fundi Baiskeli Aliyenishikia Cherehani

Msabaha Alawi,
Fundi Cherehani,
Magomeni, Bagamoyo.
Agosti, 1973.

Ndugu Afisa Ushirika wa Wilaya,

YAH: OMBI LA KUKIVUNJA CHAMA CHA KUSHIKIANA KAZI

Baada ya salamu na heshima zinazostahili ofisi yako, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, na uzima huo ndio chanzo cha malalamiko haya. Lau ningebaki mgonjwa, nisingeyaona niliyoyaona.

Kwa kuwa umehamia kwetu karibuni, niruhusu nieleze chama chenyewe kilitoka wapi. Mwaka juzi alifika bwana mmoja wa bima kutoka Dar es Salaam, akatukuta barazani kwa Mtoro kinyozi. Alitueleza kwamba mtu mwenye kazi ya kuajiriwa akiugua, yako mambo yanayoweza kupangwa ili nyumba yake isilale na njaa. Nikamwuliza habari ya mtu kama mimi. Akaniuliza, "Mwajiri wako nani?" Nikamjibu, "Mimi." Akataka kujua kama mwajiri huyo angeweza kuandika barua ya kuthibitisha kwamba kweli naumwa. Nikamwambia mwajiri wangu hana huruma, lakini kuandika anajua. Bwana yule akafunga mkoba wake kwa adabu, akasema watu wa namna yetu bado tunafikiriwa.

Tulipoona kufikiriwa kwenyewe kunachukua muda, tukajifikiria wenyewe. Dawa za hospitali ya serikali tunapewa bure, tunashukuru. Shida yetu ni kwamba fundi akilazwa, na cherehani nayo imelazwa. Basi tukaunda chama: Mtoro kinyozi, ambaye ndiye Mwenyekiti, Bi Mwanvita muuza vitumbua, Bwanausi fundi baiskeli, na mimi. Sharti lilikuwa moja tu. Mwanachama akiugua, inapigwa kura, na aliyeangukiwa na kura anamshikia kazi yake mpaka apone. Sharti hilo nililitunga mimi, na siku ile nilipigiwa makofi.

Wa kwanza kuugua alikuwa Bi Mwanvita. Miguu ilimvimba, na daktari akamwambia apumzike wiki mbili. Kura ikaniangukia mimi. Ndugu Afisa, sitaficha kitu: vitumbua vyangu viliungua nje, na ndani unga ulikuwa bado unasubiri zamu yake. Mteja mmoja aliyekuwa akienda Mbegani alinirudishia kimoja, akaniomba nimpe kiraka cha kukifunika. Bi Mwanvita alipoletewa sahani aonje, alitafuna kidogo, kisha akaomba viatu vyake. Kesho yake alfajiri alikuwa jikoni na miguu yake vile vile imevimba. Kwa hiyo mimi nilikitendea chama vizuri. Nilimponya mgonjwa bila dawa, na ufundi wake wote nikamwachia mwenyewe. Hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kumshikia mwenzake.

Sasa nieleze nilivyotendewa mimi.

Mwezi wa Mei ngiri ilinishika nikiwa nimenyanyua robota la khaki. Nikapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa. Kura ikamwangukia Bwanausi, mtu ambaye maisha yake yote ameshona matundu ya mipira kwa gundi. Nilikwenda zangu hospitali moyo umetulia, kwa kuamini kwamba nikirudi watu watanipokea kwa vilio. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amenitengenezea cherehani. Sikumwomba. Cherehani yangu ilikuwa na mlio ambao mtaa mzima unaujua, na kwa mlio huo mimi nilikuwa na udhuru. Mteja akija kuulizia suruali yake, nakanyaga mara mbili, inalia, namtazama kwa huzuni, naye anaondoka akiipa pole cherehani. Bwanausi aliifungua siku ya kwanza, akaitia mafuta, akabadilisha mkanda. Sasa haina sauti kabisa. Nikikaa bila kushona, kila mtu anajua kuwa ni mimi niliyekaa.

2. Amemaliza nguo za watu. Zilikuwepo nguo kwenye kabati langu zilizokwisha kuzoea pale. Lilikuwepo gauni la binti mmoja wa Mkange, la harusi, na binti mwenyewe alikwisha kuolewa kwa gauni la kuazima, akazaa. Bwanausi alilimalizia, akalipeleka mwenyewe mpaka Mkange, na kwa kuwa halikumtosha tena, akalipunguza pale pale likawa la mtoto. Habari zimeenea mpaka Chalinze. Juzi ameshuka mtu kwenye lori na kitambaa chake, akamwulizia "yule fundi wa mifuko."

3. Hiyo mifuko. Kwa kuwa yeye hawezi kukaa mbali na spana zake, kila nguo aliyoshona ameitia mfuko, na mfuko juu ya mfuko. Vijana wameipenda. Mzee mmoja wa msikitini, mtu wa heshima zake, ameniletea kanzu yake akitaka itiwe mfuko wa ndani wa miwani, "kama ule wa Bwanausi." Mimi nimejifunza ushonaji kwa baba yangu, na baba kwa babu, na wote hao hawakuwahi kuombwa mfuko wa Bwanausi.

4. Ameingia mpaka nyumbani kwangu. Namaanisha hivi: alikuwa akimaliza kazi laasiri, anafunga duka, anampitishia mke wangu Mize ufunguo, anakwenda zake. Mimi nimekuwa nikirudi baada ya isha miaka yote tangu tuoane, kwa sababu ya wingi wa kazi. Niliporudi hospitali, Mize alinipikia uji, akaniwekea mto nyuma ya mgongo, akasubiri nimalize bakuli. Kisha akaniuliza kwa upole kazi gani hiyo ya ushonaji inayofanyika kati ya laasiri na isha. Nilimwambia kidonda kinauma. Akasema atauliza tena kikipona. Kidonda kimepona, Ndugu Afisa, na mimi bado nachechemea.

5. Hili la tano nimesita kuliandika, lakini malalamiko yasiyo kamili hayana maana. Siku moja kabla ya kupasuliwa nilikuwa wodini, nimejigeuzia ukutani. Wenzangu wa vitanda vya jirani walidhani nimelala. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu anavutishwa dawa anapotea, na kwamba wako wasiorudi, na nilikuwa nikijaribu kukumbuka kama nilimwambia Mize lolote la maana siku ile nilipoondoka. Nikakumbuka nilimwambia aanue nguo.

Nikasikia mtu anavuta kiti. Ni Bwanausi, mwekundu kwa vumbi kichwa hadi vidole. Basi lilikuwa limeharibika, akaja kwa baiskeli kutoka Bagamoyo. Kikapuni alikuwa na shati la mwalimu Kombo limekatwa mikono na kifua, halina kola. Hakuniuliza hali. Alilitandaza shati juu ya shuka yangu, akasema, "Bwana Msabaha, usife kwanza. Kola bado sijaijua."

Basi nikakaa kitako. Nikamfundisha kola, namna ya kuikata, ya kuigeuza, ya kuitoa pembe kwa ncha ya mkasi bila kuitoboa. Alikosea, nikamfokea mpaka nesi akatunyamazisha. Alifumua, akashona tena kwa mkono, na vidole vyake vile vya gurudumu, mpaka ikakaa. Muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha alikunja shati, akasema atarudi siku nitakapoamka, kwa sababu yako mambo ya vifungo hajayaelewa. Alipotoka mlangoni nililia, mbele ya watu nisiowajua. Alirudi kweli. Nilipofumbua macho alikuwa pale, ana shati na vifungo mkononi.

Ndugu Afisa, huu ni utaratibu wa namna gani? Mtu anayekushikia kazi ashike kazi. Hakuna mahali katika sharti letu palipoandikwa kwamba amfanye mgonjwa alie. Na matokeo yake ni kwamba kola, iliyokuwa siri ya nyumba yetu, sasa anaijua mtu mwenye duka la pampu.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, iamriwe kwamba mwanachama yeyote asiruhusiwe kumshikia mgonjwa kazi mpaka athibitishwe kuwa haiwezi. Mtihani huo niko tayari kuusimamia mimi mwenyewe, na mfano wa mtu aliyefaulu ni mimi kwa upande wa vitumbua. Pili, Bwanausi aagizwe kuisahau kola ndani ya muda utakaoona unafaa. Tatu, watangaziwe wakazi wa Bagamoyo kwamba nguo kutoka siku ile ile iliyoahidiwa ilikuwa ni hali ya dharura tu, na dharura hiyo imekwisha. Na kama hayo hayawezekani, basi chama kivunjwe chote, kila mtu augue kivyake kama zamani, arudi akute vumbi juu ya cherehani yake na ajue kwamba alihitajika.

Wasalimie wote hapo ofisini, pamoja na karani wako, suruali yake ninayo. Mize anakusalimu. Mtoro na Bi Mwanvita nao wangekusalimu, ila sijawaambia kuwa naandika.

Wako katika kulijenga taifa, ingawa kwa sasa nimekatazwa kunyanyua kitu kizito,

Msabaha Alawi

N.B. Barua hii naomba usiifanyie kazi kwanza. Kabla sijaifunga nilikwenda kupimwa, na daktari ameniambia kwamba upande wa kushoto nao una ngiri, itabidi nirudi Dar es Salaam mwezi ujao. Jana Mtoro aliandaa vikaratasi vya kura. Nilimwomba, kama Mwenyekiti haoni vibaya, safari hii tusipige kura. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Bwanausi alikuwa amekaa pembeni akifuta mnyororo, hakuinua kichwa. Aliuliza tu kama watanilaza wodi ile ile, maana njia ya kufikia ile anaijua.