Alama Nne za Kaka

Alhamisi, tarehe 4 Juni

Siku ya kumi na moja bila chumba. Kaka bado yuko kitandani kwangu, mguu kaulaza juu ya mito yangu yote miwili, eti hawezi kupanda ngazi kwenda kwake. Mimi nalala sebuleni na Bibi, ambaye hukoroma kama mashine ya kusaga.

Kila mgeni husimuliwa upya. Nahodha (ndivyo timu inavyomwita, na sasa hata Mama) alivunjwa mguu akifunga bao. Jana aliangukiwa na mabeki wawili. Leo wamefika watatu. Mama kamwambia jirani nusura mguu ukatwe. Jirani kalia. Mimi nikatumwa chai.

Lakini wiki hii nimeanza kujifunza kazi kwa Shangazi, hospitalini, huku nangoja matokeo ya mtihani. Shangazi ni karani wa rejista ya majeruhi. Mtu akiumia akalazwa, Shangazi husoma faili lake, hutafuta kila jeraha kwenye kitabu kinene, hulipatia namba yake na alama ya uzito. Moja ni dogo. Sita ni buriani. Unachukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, kila alama unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha. Mwisho ni sabini na tano, yaani tano tatu; mwenye sita hupelekwa huko moja kwa moja. Ukifika hapo hutaki tena mito ya mtu.

Nimeipenda kazi hii. Shuleni nilifundishwa mifupa kwa Kiingereza na nyumbani adabu kwa Kiswahili, na hatimaye vyote vimepata kazi. Tena namba hazikukazii macho.

Ijumaa, tarehe 5 Juni

Shangazi kanipa sheria mbili. Ya kwanza: tunaandika alichoandika daktari, si walicholia ndugu. Ya pili: faili la ndugu yako halikuhusu. Nikatia saini. Saini yangu ina mkia mzuri.

Saa sita kamili Shangazi kaenda kula. Saa sita na dakika mbili nimefungua faili la Kaka, la ule usiku mmoja aliolazwa.

Ufa katika muundi, mfupa wa mbele chini ya goti. Ufa mmoja. Mfupa wenyewe haujasogea hata kidogo. Alama mbili. Mbili mara mbili, nne. Nne kati ya sabini na tano, na anakula uji kwa kulishwa!

Kisha nikashuka kwenye safu za chini, maana rejista huuliza pia uliumia wapi na ulikuwa ukifanya nini. Mahali: nyumbani. Kilichotokea: kuanguka kutoka juu ya meza. Shughuli: kucheza dansi mbele ya kioo, peke yake.

Nimesoma mara tano. Nimekwenda chooni kucheka.

Jumapili, tarehe 7 Juni

Mimi siwezi kusema mbele ya watu. Masikio hushika moto. Kwa hiyo nimeandika karatasi, kichwa chake Pendekezo la Matumizi ya Chumba, nikaiweka chini ya kikombe cha Baba. Kifungu ni kimoja tu: majeruhi mwenye alama chini ya tisa alale kwake.

Baba kaisoma kwa sauti yake ya mikutano. Akauliza, kwani Kaka ana ngapi? Nikanong'ona. Bibi akasema hasikii, nimemeza ulimi? Nikasema nne. Shangazi, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, akakitua kikombe chake taratibu mno.

Kaka akasema kinachouma ni mguu, si alama. Mama akasema moyo wangu ni wa barafu na hajui nimeutoa upande gani, kwake hakuna. Bibi akaomba karatasi isomwe tena. Akasema sheria ni nzuri, ila hiyo tisa ya nini? Mwenye tisa si yuko wodini? Basi chumba apewe mwenye alama nyingi, mambo yaishe. Nahodha nne. Akaniuliza, na wewe je? Nikajikagua mikono na miguu. Bibi akasema sifuri, haya mjukuu wangu, kalete mkeka.

Imepita bila kupingwa. Baba naye kanyoosha mkono.

Na bado, kwa heshima ya kazi, sikutaja dansi.

Jumatatu, tarehe 8 Juni

Shangazi hakugomba. Afadhali angegomba. Kanionyesha kwenye skrini kwamba kompyuta huandika nani kafungua faili gani, saa ngapi. Jina langu lilikuwepo, na zile dakika mbili. Akasema watu wanaletwa hapa wamevunjika, wanatuachia aibu zao tuwatunzie. Hakuna aliyetuachia tuzitembeze.

Jibu nilikuwa nalo. Masikio tu yalishika moto.

Kaninyang'anya neno la siri. Nabandika lebo kwenye majalada. Nikiteleza tena mara moja, nirudi nyumbani nikamuuguze Nahodha. Kitabu cha namba kakiweka juu ya kabati.

Nimeonewa. Nne ni kweli, na ukweli hauna shangazi.

Jumanne, tarehe 9 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Kuku angeandika vizuri zaidi.

Nilikuwa nimewaza hivi: pengine Shangazi kakosea. Pengine ufa mwembamba hivyo ni alama moja tu, na moja mara moja ni moja. Nilihitaji kitabu. Shangazi alikuwa wodini. Nikapanda kiti chake, chenye magurudumu. Kiti kikaenda zake, mimi nikaja chini, kitabu kikanifuata.

Kidevu kimechubuka. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Daktari kasema picha haioneshi kuvunjika, ni kuteguka, ila wakati mwingine ufa hujificha. Picha irudiwe baada ya siku kumi.

Sikulazwa, kwa hiyo siingii kwenye rejista. Shangazi kanifungulia faili kwenye kompyuta hivyo hivyo, kama zoezi, ili nijifunze. Nikamwomba aandike nimeanguka mita mbili. Akachukua futi kamba akapima kiti. Sentimita arobaini na nane. Shughuli? Nikasema usafi. Akaandika: kupekua.

Mkono, moja. Ngozi ya kidevu, moja. Jumla mbili. Bibi kaniuliza mlangoni, kabla hata ya pole. Kisha akasema kalete mkeka, kwa mkono mzima.

Nimepiga hesabu. Hata ningejigonga na kichwa, vidogo vitatu ni tatu, na kanuni haihesabu zaidi ya sehemu tatu. Aliyeitunga hakuwa na kaka.

Alhamisi, tarehe 11 Juni

Kaka kaja sebuleni kwa magongo. Akauliza, kwa upole usio wake, nilisoma nini hasa kule. Nikamwambia sina ruhusa ya kusema lolote kuhusu meza. Akakaa chini. Akauliza, na kioo? Nikamwambia wala kioo.

Akasema alikuwa anacheza vizuri, mpaka pale pa kugeuka. Akasema timu ikijua, kesho hana unahodha. Nichukue chumba, na mito, nifunge mdomo. Akaniwekea ufunguo kiganjani.

Nikamrudishia. Nikamwambia siri yake ipo salama bure, lakini chumba cha hongo sikitaki. Nataka chumba cha hesabu. Akaniita mwehu, akajikongoja kurudi kwenye mito yangu.

Bibi alianza kukoroma kabla mlango haujafungwa. Nilijuta kama dakika nne. Kisha nikaacha.

Alhamisi, tarehe 18 Juni

Picha ni kesho. Shangazi kanirudishia neno la siri leo asubuhi. Kasema nimetulia, anaona somo limeniingia.

Limeniingia kweli. Mfupa wa kigasha, hapo juu ya kifundo, ukikutwa na ufa, ni alama mbili. Mbili mara mbili, nne. Ongeza kidevu, tano. Kidevu kimepona, lakini alama haifutwi kwa kupona, nimehakikisha. Tano!

Baada ya chakula Mama kaniombea dua, nyumba nzima imeinama, hata Kaka kwenye magongo. Nikaitikia amina kwa sauti iliyofika jikoni. Bibi kafurahi kwamba nina ulimi. Wao wanaomba kuhusu mfupa, nami naomba kuhusu mfupa. Tumetofautiana kidogo tu.

Nisisahau. Mchana, saa sita na dakika mbili, nilifungua lile faili langu la zoezi nikajaza tano kabisa, kesho tusichelewe. Shangazi hawezi kusema kitu. Sheria inakataza faili la ndugu. Mimi si ndugu yangu.