Madirisha ya Clemens Yaulizwa Umri

Makubaliano yaliyofikiwa kwenye benchi la kahawa la Silvana yalikuwa mafupi: Ngeleja anatoa ng'ombe sita, anachukua madirisha kumi na mawili ya vioo viwili viwili kutoka kwa Clemens. Kesho yake asubuhi ng'ombe walikuwa wameshatoka Mollo, wanaswagwa na ndugu yake Ngeleja, na wangefika mjini kabla ya adhuhuri.

Ilikuwa Julai ya 1994, na baridi ilikuwa ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili hata kabla hakijatiwa kahawa.

Madirisha mawili yalikuwa pale pale yameegeshwa ukutani, moja kubwa na moja dogo la chooni. Clemens aliyaleta kwa mkokoteni ili watu wayaone. Sisi wa benchi tulimwita Ulaya, kwa sababu kila alichouza kilitoka Ulaya, ingawa yeye mwenyewe safari zake ziliishia Kariakoo.

"Dabo glasi," alisema. "Mpya, za mwaka huu. Huko kwenyewe bado hawajaanza kuzifunga, sisi tumezitanguliza."

"Wazungu wamekujuaje?" Silvana aliuliza, huku akimimina kahawa.

"Soko huria, dada. Siku hizi tunajulikana."

Maganga, fundi seremala, alicheka puani. Yeye tulimwita Puti, maana madirisha yake yalikuwa na puti nyingi kuliko mbao. Aliinuka akapangusa kioo kwa mkono wa koti. Ukungu ukabaki. Akazunguka nyuma, akapangusa upande wa pili. Ukungu ukabaki vilevile.

"Uko katikati," alisema. "Mpya gani hii yenye ukungu tumboni?"

"Hiyo ni gesi, Puti. Ndiyo inayozuia baridi. Ungekuwa huioni, hapo ndipo ungesema nimekuibia."

"Na gesi inatiririka?" Silvana alionyesha tone lililokuwa likishuka taratibu ndani ya kioo.

"Imepoa. Si mnaiona hali ya hewa?"

"Nyumbani kwako Katandala umefunga ngapi?"

"Mimi kwangu nina madirisha ya bati. Siwezi kula mtaji."

"Kwa hiyo baridi ya Katandala haihitaji gesi, ya Mollo ndiyo inayohitaji," Maganga alisema. "Kaka Ngeleja, unasikia hayo?"

Ngeleja alikuwa anasikia. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mkewe, Coleta, kila Julai kifua kilimbana hadi akalala ameketi, na nyumba mpya ya Mollo ilijengwa kwa ajili hiyo. Alilitazama dirisha kwa muda.

"Mimi dirisha silijui," alisema. "Ng'ombe namjua. Namfungua mdomo, natazama meno. Mwenye ng'ombe aseme anachotaka, mimi naangalia meno."

"Basi lifungue mdomo," Maganga alisema, akatuangalia ili tucheke.

Ngeleja hakucheka. Alipiga goti, akaliinamisha dirisha kubwa kwenye mwanga, akachungulia pembeni, pale kioo cha mbele na cha nyuma vinapoachana.

"Lina ufizi," alisema. "Ufizi wa bati. Na umeandikwa."

Tulisogea wote. Kati ya vioo viwili ulipita utepe mwembamba wa bati, na juu yake zilipigwa tarakimu ndogo: 9 68.

"Saizi hiyo," Clemens alisema haraka. Kabla ya madirisha aliuza viatu vya mitumba, na kwake kila tarakimu ilikuwa mguu wa mtu.

"Mguu gani namba sitini na nane?" Silvana aliuliza. "Wa tembo?"

"Saizi ya dirisha, dada. Dirisha nalo lina saizi."

Maganga alikwishatoa futi yake mfukoni. "Hili kubwa ni futi nne kwa tatu. Hili la chooni halifiki futi mbili. Ngeleja, soma la chooni."

Ngeleja alilichungulia. "Tisa. Sitini na nane."

"Haya, Ulaya. Saizi moja inaingia sebuleni na chooni?"

Clemens alifikiri kidogo tu. "Frisaizi," alisema.

Silvana ilibidi aweke birika chini.

Mzee Wilibrodi alifika tukiwa bado tunacheka. Tulimpa shikamoo, akaitikia, akauliza kilichotuchekesha. Mzee huyu alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ulipokosa cha kuandika, na jina lake la benchi lilikuwa Muhuri. Alivaa miwani, akainama, akasoma dirisha la kwanza, kisha la pili, kisha akarudia la kwanza.

"Miaka kumi na minne nimepiga muhuri magunia ya mahindi," alisema. "Unaanza mwezi, unamalizia mwaka. Hili ni la mwezi wa tisa, sitini na nane."

"Mzee wangu, huo ulikuwa ushirika," Clemens alisema kwa heshima. "Siku hizi ni soko huria. Tarakimu zina maana nyingine."

"Kumbe na kalenda wameibinafsisha."

"Si hivyo, mzee. Inaweza kuwa namba ya mtambo."

"Wewe ulizaliwa lini?"

"Sabini."

"Basi liamkie. Ni kubwa kwako."

Clemens aligeuza uso barabarani. Maganga alimwambia asiwe na kiburi, wakubwa huamkiwa hata wakiwa wameegemea ukuta. Silvana akakaza sauti, akaitikia kwa niaba ya dirisha: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kuuliza nani amefika.

"Sawa," Clemens alisema. "Tuseme ni la zamani. Vya zamani ndivyo imara, kila mtu anajua."

"Sasa hivi tu lilikuwa la mwaka huu," Silvana alisema.

"Nilisema limefika mwaka huu."

"Kaka Ngeleja, achana naye," Maganga alisema. "Mimi nitakutengenezea ya mninga."

"Na wewe Puti kaa chini," Silvana alimkata. "Yako hayana haja ya kuulizwa umri. Hakuna lililowahi kuzeeka."

Hapo Clemens alisimama na kukunja uso. Utani ulikuwa umemwisha.

"Tusizunguke," alisema. "Tuliagana hapa hapa, mbele yenu nyote. Madirisha kumi na mawili, ng'ombe sita. Kuna aliyetaja umri? Semeni kama kuna aliyetaja."

Hakuna aliyekuwa ametaja. Mzee Wilibrodi alivua miwani akaifuta. Upande wa barabara ya Mollo vumbi lilikuwa limeanza kuonekana, na Clemens aliliona kabla yetu.

Ngeleja alijipangusa goti.

"Ni kweli," alisema. "Umri haukutajwa. Wa madirisha haukutajwa, na wa ng'ombe haukutajwa."

"Umeona sasa," Clemens alisema. "Huyu ni mtu mzima."

"Kwa hiyo nitatoa sita, kama tulivyoagana. Ila hawa wanaokuja ni mitamba, hawajazaa hata mara moja. Hawalingani na wazee wako hawa. Nakwenda kuwarudisha, nikuletee wenye umri mmoja na madirisha. Wa sitini na nane."

Clemens alipiga hesabu kichwani, kisha akaipiga tena. "Ng'ombe wa miaka ishirini na sita? Wapo kweli?"

"Wapo. Nilihama nao kutoka Shinyanga." Ngeleja alishika baiskeli yake, akaigeuza kuelekea kwenye lile vumbi, akapanda. "Wote sita wapo nyumbani. Coleta huwatandika sakafuni, wageni wakija wanawakalia."