Cheni ya Fundi Ulimi

Fundi Ulimi aliijua riziki yake hata kabla gari halijaingia gereji. Lilikuwa likigonga chini ya boneti kama vijiko ndani ya sufuria, na usukanini alikaa mama mmoja mtu mzima, mpole.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakuwahi kumwibia mkubwa bila kumwamkia kwanza. "Hiyo ni cheni ya taimingi. Ikikatika njiani, injini kwaheri."

Hapo alisema kweli; ukweli alikuwa nao, ila aliutumia kwa uchache. Kazi yake ilikuwa kutia oili nzito, kelele ikanyamaza wiki moja, kisha kumwonyesha mteja cheni kuukuu yenye grisi: "Nimeitoa hii." Cheni hiyohiyo ilikwishatolewa kwenye magari ya nusu ya mji, na haijawahi kuingia hata moja. Cheni mpya ya mteja ilirudi dukani kimyakimya.

Mama akamkabidhi cheni mpya aliyokuja nayo, bila ubishi.

"Gari hili ndilo linalotulisha, mwanangu, napakia mboga humo kila alfajiri. Halafu, marehemu mume wangu aliwahi kufungua hapo mwenyewe, pete yake ya dhahabu ikadondokea ndani ya kava ya cheni. Ukiiona, nitunzie."

"Amana ni amana, mama yangu."

Mama hajafika barabarani, Fundi ameshaiuza pete kichwani.

Tamaa mbele, mauti nyuma, na katikati hapo pana spana. Injini ilibanwa ubavuni. Kidole kinapita, ngumi haipiti. Ikabidi aiinue kwa jeki, afungue puli kwa kupapasa, ngozi ya vidole ikibaki kwenye bati. Kava ikatoka. Akachokora tope la oili kwa kijiko chake cha chai. Pete hakuna. Katika kuchokora, cheni ya zamani ikachomoka kwenye meno yake, na sasa gari lisingewaka tena bila kufungwa mpya. Akaifunga, alama kwa alama, akimlaani marehemu.

Jioni gari likawaka, likatulia. Mama hakutazama injini, alitazama mikono.

"Imechubuka," akasema, amefurahi kweli. "Ulipomfanyia wifi yangu kazi hii, ilikuwa safi kama ya bwana harusi."

"Mama, pete haimo."

"Ingekuwamo, baba, injini ingezunguka hata siku moja?"

Fundi Ulimi akaficha mikono nyuma.

"Kesho namleta wifi," mama akasema, akitia gia. "Naye amedondosha hereni."