Darubini Mbili za Mwajabu

Alhamisi, 22 Januari 2026
Nimekwenda tena Mikocheni, dukani kwa Mwajabu, kutazama darubini. Siyo zile za plastiki za wamachinga. Hizi ni za watu wenye uwezo wao. Nikamwambia mie mwandishi wa kampuni ya utalii, natakiwa kulinganisha mbili bora, kwa ndege na kwa nyota, nizichukue wikiendi. Uongo mtupu. Mie napokea wagonjwa mapokezi ya zahanati. Akanitazama sana, akasema niache kitambulisho, na hayo maandishi nimletee ayabandike dukani. Sawa. Jumamosi Anjelina ataniona mtu wa maana. Ni mwalimu, anaongoza matembezi yetu ya kutazama ndege huku Chamazi. Tangu mwaka juzi namfuata kwenye matope nikijifanya napenda ndege. Balaa ni kwamba siku hizi nawapenda kweli.

Jumamosi, 24 Januari
Bondeni asubuhi. Gaspar naye kaja. Jirani yangu, fundi friji. Naye anamtaka Anjelina, ila haongei. Nikatoa ile nyepesi, inayokuza mara nane. Jamani! Mdiria kwenye matete, nikaona hadi tone la maji kwenye mdomo wake. Ile nzito, ya mara kumi na tano, kwa ndege haifai. Mikono inatetemeka, mdiria anakuwa wawili.
Kisha nikaigeuza ile nyepesi kwa Anjelina, ng'ambo ya bwawa. Akaja karibu mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nikanyoosha mkono. Hewa. Pembeni yake Gaspar, anamtoa mbigili kwenye pindo la sketi.

Siku hiyohiyo, jioni
Nilimwalika Anjelina uani kwangu atazame sayari ya Mshtarii. Kaja. Na Gaspar. Hapa ile nzito ndiyo yenyewe: miezi midogo ya Mshtarii imejipanga mstari, inang'aa. Lakini Anjelina haiwezi, inamcheza mikononi. Gaspar akapiga goti mbele yake, akamwonyesha kwa ishara aiegemeze begani kwake. Wakakaa hivyo muda mrefu mno. Bega langu lipo, halina kazi.
Anjelina akaniuliza bila kugeuka, "Revelian, wewe unatafuta nini hasa huko juu?"
Jibu ninalo tangu mwaka juzi.
"Nalinganisha vioo tu," nikasema.

Jumatatu, 26 Januari
Nimezirudisha, na ukurasa mmoja. Nilitaka kuandika kwa mbwembwe, ukatoka ukweli: anayetaka moja achukue nyepesi, maana unachoweza kukishika kila siku kinazidi kile kinachokuonyesha mbali. Mwajabu kausoma mara mbili. Akaniuliza kama nina mke. Nikaomba kitambulisho changu.

Ijumaa, 30 Januari
Gaspar kauza pikipiki. Alipita dukani kwa Mwajabu, akasoma ule ukurasa wangu ukutani, akanunua ile nyepesi, kampa Anjelina. Wamekuja wote wawili kunishukuru. Gaspar kasema maneno yangu yalimgusa. Kwa mara ya kwanza anaongea, na anayasema hayo! Anjelina akaomba nimfundishe kurekebisha vioo. Nikamshika vidole kwenye kile kigurudumu, taratibu, mpaka picha ikatulia. Akasema anaona kila kitu sasa. Alikuwa anamtazama Gaspar getini.
Nimewaambia hongereni. Nimemaanisha, karibu yote.
Duka lingine, hukohuko Mikocheni, wameleta darubini kubwa ya kusimama. Anjelina hajawahi kuona pete za Zohali. Kesho navaa tai, najitambulisha kama mhadhiri.