Dirisha la Sebule Namba Nne

Jumatatu, 3 Juni

Wiki ya tatu katika mji huu. Leo nimepotea mara moja tu, tena kwa hiari. Niliifuata barabara yenye miti ya maua ya zambarau kwa kuwa ilionekana inakwenda mahali pazuri. Ilikwenda kwenye karakana ya matairi. Nikachelewa kazini dakika ishirini.

Kazi yenyewe: mpangaji wa vyumba vya maonyesho, duka la samani. Maana yake napiga mito makofi mpaka ifure, nanyoosha mapazia, naficha vibandiko vya bei. Kazini mpangaji, nyumbani pia mpangaji. Na chuoni waliniita Mipango. Jina humfuata mtu.

Duka lina vyumba kumi na viwili, kila kimoja kuta tatu, dari hakuna. Nipendacho mimi ni Sebule Namba Nne. Kochi refu la kijivu, zulia linalomeza miguu, na dirisha. Dirisha lenyewe si dirisha. Ni picha ya vilima vya asubuhi, imewambwa nyuma ya kioo, na taa inawaka nyuma yake. Lakini kaa pale dakika mbili. Utasikia upepo. Haki ya nani!

Chumba ninachopanga: godoro, ndoo, kigoda, na dirisha la kweli linalotazama ukuta wa jirani. Nikinyoosha mkono naugusa.

Jumanne, 4 Juni

Kundi letu la simu limeamka. Tuko wanne, tuliokaa bweni moja miaka mitatu. Kipaza, ambaye akicheka bwaloni sahani zilitikisika. Bi Ratiba, aliyetupangia hata zamu za kuoga. Mpole, niliyelala naye chumba kimoja, anayesema maneno matatu kwa siku na kubakiza akiba. Na mimi.

Bi Ratiba ametoa amri: kila Jumanne kila mtu atume picha ya anapoishi, tusije tukasahauliana. Kipaza katuma papo hapo. Roshani! Vyungu saba vya maua! Na kikombe kimewekwa ukingoni kana kwamba kimejiweka chenyewe.

Nikautazama ukuta wa jirani. Nikaupiga picha. Nikaifuta.

Nikatuma Sebule Namba Nne. Nikaandika: Kwangu.

Si uongo sana. Dukani nakaa saa tisa kila siku, nikiwa macho. Chumbani nakaa zaidi, ila nimelala, na aliyelala hajui yuko wapi.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Kipaza kanyamaza saa mbili nzima. Halijawahi kutokea. Nikaongeza picha mbili. Kisha akauliza mbona jua la kwetu lipo palepale juu ya kilima cha kushoto, asubuhi na jioni. Nikamjibu kwamba mji huu jua lake halina haraka. Bi Ratiba akasifu usafi. Mpole akaandika: Pazuri. Unalala vizuri?

Hayo ya Mpole niliyasoma kwenye ngazi za nyuma ya duka, ninapokulia chakula cha mchana. Nikayasoma tena. Wingu moja lilikuwa linapita, jembamba, halina mwenzake. Nikalisindikiza kwa macho mpaka meneja akaniita.

Jumamosi, 8 Juni

Kuna mzee, tarishi mstaafu wa posta, anayekuja kila siku kukaa kwenye kochi la Namba Nne. Anasema bado analifikiria. Amelifikiria tangu mwaka jana. Leo alipitiwa na usingizi, nami nikapiga picha ya mito mipya bila kuona kwamba kofia yake imo. Na kichwa ndani ya kofia.

Kipaza akauliza huyo nani. Neno lililokuwa karibu na mdomo lilikuwa Mjomba. Likatoka.

Sasa kundi zima linamsalimia Mjomba. Kipaza, mwenye kumbukumbu mbaya ya masomo na nzuri ya mambo ya watu, akakumbusha kwamba mama yangu hana kaka. Nikaeleza kwamba ni mjomba wa ukoo, amepatikana karibuni.

Jumatatu, 10 Juni

Balaa! Bi Ratiba ametangaza kwamba wote watatu wana nafasi Jumamosi. Wanakuja kunitembelea! Basi wameshalijua, saa wameshaziandika, na orodha ya maswali ya kumuuliza Mjomba ipo.

Nikawaza kutwa nzima. Nilitandika kitanda cha Namba Tisa mara nne bila kujua. Kisha, nikiwa nimekumbatia mto, jibu likanishukia taratibu kama unyoya. Mjomba anaumwa! Daktari ametaka utulivu. Wageni hapana, kwa sasa.

Nimetuma. Nikajipongeza kwa kukaa kwenye kochi dakika tano nikitazama vilima. Kuna kijia pale chini, sikuwahi kukiona. Kinapanda, kinapinda, kinapotea.

Jumatano, 12 Juni

Wanakuja kwa sababu Mjomba anaumwa.

Bila shaka! Nani anasikia mtu mzima yuko kitandani akakaa kwake? Ningesema tumesafiri. Ningesema tuna kunguni. Bi Ratiba amebadilisha basi, sasa watafika mapema zaidi. Mpole anapika supu ya mgonjwa. Kipaza ameahidi kunong'ona.

Halafu mama akapiga simu. Bi Ratiba alikuwa amempigia kumpa pole ya kaka yake. Mama akataka kujua ni kaka yupi huyo, maana baba yake alizaa mabinti watano akafunga mahesabu. Nikamwambia mtandao unakatika. Akasema ananisikia vizuri sana. Nikakata.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango umekamilika. Una sehemu sita, lakini ni mwepesi. Jumamosi meneja huenda ghalani na kurudi saa tano. Wageni watafika saa tatu. Nitawapitisha mlango wa nyuma, moja kwa moja hadi Namba Nne. Nusu saa ya kumjulia hali Mjomba. Kisha mgonjwa apumzike, sisi tukatembee mjini mpaka wakati wa basi. Wateja wakikatiza, hao ni majirani.

Mzee nimemweleza yote. Nilitegemea anikemee. Aliuliza tu kama ni lazima akohoe. Nikasema kidogo. Akajaribu. Anakohoa vizuri sana, kikohozi chenye historia. Halafu akaniambia, huku akikunja kofia, kwamba amebeba barua za watu miaka thelathini, na hakumbuki hata moja iliyomuuliza yeye hali.

Nikampigia mto makofi.

Jumamosi, 15 Juni

Niandike polepole.

Saa tatu kamili walikuwa mlango wa nyuma. Kipaza alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Wamekonda kidogo, au mimi nimesahau sura zao. Nikawaongoza. Kipaza akatazama juu.

"Mipango, dari liko wapi?"

Nikamwambia ndio mitindo ya sasa.

Mzee alikuwa amelala kochini, shuka mpaka kidevuni. Mpole alipiga magoti juu ya zulia, akafungua chupa ya supu, akaanza kumlisha kwa kijiko. Mzee akasahau kukohoa. Akala yote! Bi Ratiba akamshika mkono, akauliza anatumia dawa gani. Akajibu kwamba ni zile za buluu. Kwa dakika kumi kila kitu kilikuwa kama nilivyokiota. Marafiki zangu, sebule yangu, asubuhi ikimwagika dirishani. Nikawa nimesahau kabisa kwamba nadanganya. Hiyo ndiyo hatari yangu mimi.

Wakaja mke na mume. Mke akakaa juu ya miguu ya mgonjwa, akajirusha mara mbili kupima ulaini. Mume akafungua kabati, akaingiza kichwa.

"Majirani," nikasema.

"Majirani zako wana mazoea," Kipaza akanong'ona, na duka zima likasikia.

Kisha wachukuzi wawili, karatasi mkononi. Seti yote ya Namba Nne imeuzwa tangu jana, lori linangoja. Nyuma yao meneja, ambaye leo, kati ya siku zote, hakwenda ghalani! Wakalinyanyua kochi na Mzee akiwa juu yake. Mzee, mtu wa ahadi, akakohoa akiwa hewani. Mchukuzi mmoja akachomoa waya ukutani.

Vilima vikazimika.

Nimeona mengi yakiharibika, mengi kwa mkono wangu. Hakuna lililonyamaza kama lile. Dirisha likabaki karatasi ya kijivu, na sote tukiwa tumesimama mbele yake.

Meneja akataka kujua kwa nini mteja anakunywa supu juu ya mali ya watu. Mzee akashuka, akavaa kofia, akasema kwa heshima kwamba yeye ndiye mgonjwa.

"Nimepanda mabasi mawili," Bi Ratiba akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Njia nzima nimemwombea huyu mzee. Kumbe hata hatufai kuambiwa ukweli?"

Mpole alikuwa anafunika chupa. Hakuniangalia.

"Sikuja kuona kochi."

Maneno matatu. Posho yake ya siku nzima, kaitumia hapo.

Meneja akaniambia niondoke kwa leo, na kuanzia Jumatatu nihamie upande wa vifaa vya bafu. Tukamuaga Mzee. Bi Ratiba, pamoja na hasira zake, alimwachia mfuko wote wa machungwa na kumwambia asiache kula. Mzee akaahidi, kama mgonjwa kweli.

Tukatembea hadi kwangu. Mwenye nyumba wangu, mkunga mstaafu, alipoona wageni watatu akatoka na mkeka na kuuliza nani anaumwa. Kusikia hakuna, akasikitika, lakini mkeka akauacha.

Tukakaa, wawili godoroni, wawili mkekani, magoti yakigusana. Kipaza akafungua dirisha, akanyoosha mkono, akagusa ukuta wa jirani. Akaniangalia. Akaugusa tena. Kicheko kikamtoka, ndoo ikatikisika. Hata Bi Ratiba akaficha uso.

Alipoufunua, akaniuliza naishi vipi hapa. Nikajiandaa kupamba. Nikashindwa. Nikamwambia nakula peke yangu kwenye ngazi. Kwamba mji mzima ninayemjua ni mzee mmoja anayelala kwenye makochi ya kuuza. Kwamba jioni nazunguka barabara ndefu ili nisifike hapa mapema. Nikasema mambo ambayo hata humu sijayaandika. Mpole akaegemeza kichwa begani kwangu, kama zamani usiku wa kuamkia mitihani.

Saa kumi jua likapenya uchochoroni. Likaupiga ukuta wa jirani, ukuta ukawa rangi ya papai lililoiva, na mwanga ukaingia mpaka kwenye kope zetu. Sikuwahi kuwa nyumbani saa hizo. Sikujua kwamba kila siku, mimi nikiwa napiga mito makofi, chumba changu hufanya hivi. Vumbi lilikuwa linaelea katikati yetu, halina haraka. Hakuna aliyetoa simu.

Kwenye kituo cha basi Bi Ratiba aliniapisha. Hakuna uongo tena. Mkubwa, mdogo, wala wa kisasa. Nikaapa kwa moyo wangu wote, machozi yakinitoka.

Jumapili, 16 Juni

Mtu mpya. Nimempigia mama na kumweleza yote. Alicheka mpaka akaomba maji, kisha akauliza mzee huyo ana mtu wa kumpikia. Sikujua. Nimeona haya.

Jumanne, 18 Juni

Vifaa vya bafu. Masinki arobaini, na katika kila moja uso wangu umelala chali. Mzee kanifuata, amekaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Anasema analifikiria. Leo tumekula pamoja kwenye ngazi. Nimemuuliza hali. Alijibu kwa saa nzima.

Nimetuma kundini picha ya ukuta wa jirani, saa kumi, kwa ruhusa ya kutoka mapema. Mpole amejibu maneno kumi na moja. Nimeyahesabu.

Ukweli ni mtamu sana. Nashangaa watu hawautumii.

Alhamisi, 20 Juni

Kipaza amejiunga na kikundi cha kukimbia. Ametuma picha ya nishani. Nishani! Shingoni, na anacheka.

Nikaitazama njia nzima ya kurudi nyumbani. Kwenye ubao wa matangazo karibu na karakana ya matairi kuna bango la shamba moja nje ya mji, na farasi mweupe amesimama kwenye nyasi, ukungu magotini. Nikasimama pale muda mrefu. Nikajiona juu yake. Nywele zangu zilikuwa ndefu zaidi kidogo. Tulikuwa tunakwenda polepole, mimi na yeye, na hapakuwa na haja ya kufika.

Nilipozinduka nilikuwa nimeshaandika kundini kwamba siku hizi naendesha farasi.

Si uongo. Nimekagua kiapo neno kwa neno. Ni mpango, ila umetajwa kabla ya siku zake. Kipaza kanyamaza saa tatu, rekodi mpya. Bi Ratiba kafurahi mno, na ameshapanga tarehe: baada ya wiki sita wanakuja wote kuniangalia nikiruka viunzi.

Viunzi sikuvitaja mimi. Lakini sikuvikana.

Wiki sita ni nyingi. Farasi sijapata kumwona kwa karibu, ila nimefikiri sana na sioni tatizo. Baiskeli ina magurudumu mawili na watu wanaiendesha. Farasi ana miguu minne. Mtu ataangukaje?