Jemadari na Kisiwa cha Chaki

Njooni mketi, enyi mliochoshwa masikio na habari za wafalme walioteka miji! Zimeni redio, funikeni masufuria, na aliye na kikohozi akakohoe nje kwanza. Leo hatutaji ngome wala jeshi la majini. Leo twasimulia vita vilivyopiganwa baina ya mlango na dirisha, katika uwanja ambao watu wawili wakitaka kupishana mmoja hana budi kushika pumzi. Vita vya jiko, enyi waungwana, vita vya kuamua sinki likae wapi, kaunta ipite wapi, na makabati yavae mtindo gani. Nguvu twaziomba kwa Muumba wa ndimi, kwa kuwa msimulizi asiyesaidiwa huenda akaangua kicheko katikati, na shujaa wetu hapendi kuchekwa.

Shujaa huyo ni Jemadari. Jina hilo hakupewa na mamaye. Ni lakabu aliyobandikwa na wapakuzi wa mizigo katika ghala analolisimamia, kwa vile hawezi kusema "sogeza boksi hilo" bila kunyoosha mkono kama aonyeshaye majeshi mahali pa kuvukia mto. Wao walikuwa wakimtania. Yeye alilipokea kama nishani. Jemadari Mpanga Rafu, Mwenye Chaki Sikioni, simba wa maboksi, bwana asiyeweza kuvumilia kona iliyokaa kombo! Ghalani kwake kila mzigo una mstari wake sakafuni, na ole wake atakayeutua nje ya mstari.

Basi ikawa siku moja shujaa amesimama mlangoni mwa jiko lake, mahali asimamapo kila jioni kuuliza chakula kimefikia wapi, macho yake yakatua juu ya kabati lililolegea bawaba. Akaghadhibika. Akatoa chaki sikioni, akaiinua juu.

"Ewe jiko!" akanena. "Umechakaa, umepinda, umeniaibisha. Naapa mbele ya friji hii kwamba mwezi hautaandama kabla sijakupanga upya!"

"Alhamdulillahi," akasema mkewe, huku anachochea mboga. "Umesikia leo."

Mkewe huyo huitwa Mama Pacha, kwa ajili ya mabinti wawili aliowazaa asubuhi moja, na ambao wakati huo walikuwa shule ya bweni. Jiko jipya alikuwa ameliomba tangu pacha wakitambaa. Kila akikoroga sufuria, kiwiko chake kiligonga ukuta, paa! Kila akiosha vyombo, alilazimika kuvivusha mbele ya kifua chake ili avifikishe kwenye kichanja cha kuvianikia, na maji yakamchuruzikia mpaka kwenye kandambili. Kiwiko kilikuwa na alama nyeusi isiyotoka. Jemadari alikuwa akiambiwa habari za ukuta huo mwaka hadi mwaka, na mwaka hadi mwaka alijibu kwa busara zake zote, "Uwe unaangalia, mke wangu."

Likaitwa baraza la vita. Akaja Wifi, yaani dada yake Jemadari, mwanamke mwenye simu kubwa na maneno makubwa zaidi, ambaye jiko la gesi la nyumbani kwake bado lina karatasi ya dukani. Akaketi, akaanza kupitisha picha mbele ya kaka yake kama mchuuzi wa vito.

"Huu ni mtindo wa shamba, mbao mbao. Achana nao, huo wa wazee. Huu mtindo wa kiwanda, mabomba yote nje. Huu sasa, kaka, huu ndio wenyewe: kila kitu cheupe, rafu ziko wazi, halafu katikati kuna kisiwa."

"Kisiwa?" Jemadari akauliza, na sauti yake ikateremka kwa heshima.

"Kisiwa! Kaunta inasimama katikati peke yake, watu wanaizunguka. Mgeni akija anakaa pale, anakunywa juisi yake, anakutazama unavyopika."

"Nani anataka kutazamwa akikaanga?" Mama Pacha akauliza.

Hakujibiwa. Neno kisiwa lilikuwa limekwisha kuingia katika damu ya shujaa. Maboksi alikuwa ameyatawala, rafu alikuwa amezitiisha, lakini kisiwa hajawahi kuwa nacho maishani. Akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Dada yangu, umenifungua macho! Na ijulikane tangu leo kwamba nitakitwaa kisiwa hicho, nitakisimamisha katikati ya jiko langu, na wajao watakizunguka wakisema, hapa alipita mtu!"

"Watazungukia wapi?" Mama Pacha akauliza tena. "Hapa mimi na ndoo tu tunabanana."

Akapigiwa simu fundi wa makabati. Huyu alikuwa mtu mpole, na neno "haiwezekani" hajawahi kulitamka mbele ya mteja tangu aanze kazi. Aliangalia jiko, akaangalia picha ya Wifi, ambayo jiko lake lilitosha kuchezea mpira, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

"Inawezekana, bosi."

"Na friji itafunguka?" Mama Pacha akauliza.

"Itafunguka, mama. Kiasi."

Wakakubaliana hivi: Jemadari achore ramani yote sakafuni kwa chaki kama afanyavyo ghalani, na Jumamosi fundi aje apime juu ya michoro hiyo, kisha akate jiwe la kaunta siku hiyo hiyo. Fundi akaonya kwamba jiwe likishakatwa na kugandishwa halibanduki, labda nyumba ibomolewe. Mama Pacha alisikia vizuri. Mwenzake anayechora angelitazama jiko hilo jioni moja moja kutoka mlangoni. Yeye ndiye angelitumikia siku zote zilizomsalia za kupika, na kama jiko la gesi lingebaki ubavuni mwa ukuta, basi na kiwiko kingebaki palepale.

Ukaanza msafara. Friji ikahamishiwa koridoni, masufuria yakapangwa sebuleni, chumvi ikapotea. Jemadari akaingia vitani na chaki nyeupe na tepu ya kupimia, akipiga magoti, akisimama, akirudi mlangoni kutazama, akifumba jicho moja, akirudi tena kufuta na kuchora. Kila alichokipanga alikipanga kutoka mlangoni, kwa sababu hapo ndipo alipolijua jiko. Jiko la gesi akaliacha ubavuni mwa ukuta ule ule, maana kutoka mlangoni lilipendeza. Kichanja cha vyombo akakiacha kuume kwa sinki. Droo ya visu akaiweka kuume. Na katikati akakichora kisiwa, kipana, cha pembe nne, chenye mistari miwili miwili kama mpaka wa nchi, akakizunguka kwa kunyata kuonyesha kwamba kinazungukika.

Jumamosi ikawadia. Fundi akaja na msumeno wake wa mawe, akapewa chai. Wifi akaja kushuhudia, maana alikuwa amekwisha kuwatangazia marafiki zake. Jemadari akasimama kizingitini, akavuta pumzi.

"Enyi mashahidi! Mnachokiona si chaki, ni siku zijazo. Mke wangu, mwenye kuubariki uwanja huu, ingia! Tuonyeshe jinsi utakavyopika katika ufalme huu mpya!"

"Nipike nini? Sufuria ziko kwenye kochi."

"Pika hewa."

Mama Pacha akavua kandambili, akaingia. Akafungua friji isiyokuwapo, akatoa kitu kisichokuwapo, akaelekea kwenye sinki. Katikati ya njia, mayowe yakapasuka.

"Umekanyaga kisiwa!"

"Njia ya sinki inapita hapa."

"Zunguka! Hilo ni jiwe, mke wangu, umepita ndani ya jiwe!"

Akazunguka, ubavu ubavu, tumbo ndani. Akarudi kuchukua chumvi ya hewa, akapita tena juu ya kisiwa. Wifi akaguna. Jemadari jasho likamtoka. Mama Pacha akasimama mbele ya kaunta ya chaki, akaanza kukata vitunguu vya hewa, haraka haraka, kama mtu aliyezoea.

"Simama!" akapaza sauti Jemadari. "Kisu umekishikaje? Mkono wa kuume, Mama Pacha, mkono wa kuume! Droo nzima nimeiweka kuume kwa ajili yako!"

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Mimi ni mtu wa shoto."

Jemadari akatoa macho. Kisha akauliza swali ambalo, katika habari zote za vita zilizowahi kusimuliwa, hakuna jemadari aliyeuliza la kijinga kulizidi.

"Tangu lini?"

Fundi akaanza kuikagua dari. Maji ya bomba yalikuwa yakidondoka, tone, tone.

"Tangu tumboni kwa mama yangu," akasema Mama Pacha. Hakupaza sauti, ila aliuinua ule mkono wa kushoto wenye kisu cha hewa. "Miaka kumi na tisa nakupakulia kwa mkono huu. Wewe ulidhani nakupakulia kwa mkono gani?"

"Nilikuwa... nilikuwa naangalia sahani."

"Hata mimi najua, kaka," akadakia Wifi, bila kuinua macho kwenye simu. "Kila mtu anajua."

Hapo, enyi wasikilizaji, shujaa alipigwa pigo ambalo hakuwa na ngao yake. Angeweza kukutajia boksi lipi liko rafu ipi, na limekaa upande gani, hata ukimwamsha usingizini. Mkono wa mkewe hakuujua. Aibu ikampanda kutoka magotini, ikamfika masikioni, ikatulia hapo ikiwaka. Akaingia ndani. Alikwenda mpaka kule kwenye jiko la gesi, akasimama mahali asimamapo mkewe, akainua mkono wa kushoto, akakoroga hewa.

Paa!

Kiwiko kikapata ukuta sawasawa, kwenye ule mfupa unaoleta ganzi. Akauma mdomo. Akakoroga tena, safari hii akiangalia, kama alivyokuwa akimshauri mwenzake. Paa! Akabaki anausugua mkono.

"Bosi," fundi akasema kwa upole, "nikate jiwe?"

"Kata," akasema Wifi. "Kaka, usiniangushe. Watu nimeshawaambia kuna kisiwa."

Basi yakakutana majeshi mawili katika kifua kimoja! Upande mmoja ulisimama Ufahari, na bendera nyeupe, na wageni wasiohesabika wakinywa juisi. Upande wa pili kilisimama kiwiko kimoja kilichovilia damu. Vumbi likapanda, pembe zikalia, na kwa muda ambao fundi alimalizia chai yake hakuna aliyejua nani atashinda.

"Leteni tambara la deki," akasema Jemadari.

Hakuna aliyelileta, kwa hiyo akalitafuta mwenyewe, na hakujua linakaa wapi, ikabidi aulize. Akalilowesha, akapiga magoti, akakifuta kisiwa. Alikifuta pembe kwa pembe, na kile ambacho hakuna adui aliyepata kukitia mguu, isipokuwa mkewe mara mbili, kikayeyuka kikawa maji ya chokaa. Wifi akapiga picha ya majonzi. Kisha Jemadari akainuka, suruali imelowa magotini, akafanya jambo ambalo ghalani hajalifanyia hata msaidizi wake: akamkabidhi mtu mwingine chaki.

"Chora wewe," akasema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu wa kawaida, "Nisamehe, mama."

"Nitafikiria," akasema Mama Pacha, akainama.

Akachora kwa mkono wa kushoto, bila tepu, bila kurudi mlangoni hata mara moja. Jiko la gesi akalitoa ukutani. Sinki akaliacha kwenye bomba lake, ila kichanja akakihamishia kushoto. Droo ya visu, kushoto. Chumvi, hapa, mkono unapofika.

"Na mtindo je?" Wifi akalia. "Huo sasa ni mtindo gani?"

"Mtindo wa kutogonga ukuta."

"Na rangi?"

"Kijani. Na makabati yawe na milango, sitaki mtu aje kunihesabia vikombe."

Wifi akakumbuka ghafla kwamba ana miadi mahali. Fundi akapima, akasema inawezekana, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Mama Pacha alikuwa bado ameinama. Mbele ya sinki alichora kitu kingine, taratibu, vidole vyote kumi: nyayo mbili.

"Hiyo ni nini?" Jemadari akauliza.

"Miguu."

"Ya nani?"

"Tazama ukubwa."

Jemadari akatazama. Akatazama miguu yake. Hapakuwa na ubishi. Ilikuwa mikubwa, na kidole gumba cha kulia kimepinda.

"Jiko lote umelipanga umesimama mlangoni," akasema Mama Pacha. "Mlangoni pamejaa. Nafasi yako hii hapa."

Basi sikieni, na anayesinzia aamshwe! Jemadari Mpanga Rafu alivua viatu. Alivuka kizingiti, akapita juu ya bahari ya chokaa, akatia miguu yake katika nyayo zile, na zikamtosha. Akakitwaa kikombe cha fundi kilichokuwa na majani ya chai chini, akafungua bomba, akamwaga sabuni ya kutosha kufulia mapazia, akakiosha ndani, akakiosha nje, akakiosha sikio. Kisha akakiinua, na mkono wake ukaelekea kuume, kilipo kichanja cha zamani. Katikati ya njia ukasimama. Mama Pacha alikuwa amesimama ubavuni mwake na kitambaa cha kukaushia, anautazama mkono huo.

Mkono ukageuka. Ukakivusha kikombe mbele ya kifua, maji yakamchuruzikia shujaa tumboni, yakamlowesha mpaka miguuni, wala hakulalamika.

Na iandikwe, wasomewe waliopo na watakaozaliwa, wapigiwe ngoma wasiojua kusoma: katika mwaka wa kumi na tisa wa ndoa yake, Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Jemadari aliosha kikombe kimoja. Hakikutakata sana. Lakini alikiweka kushoto, na hakuna mtu aliyemwambia.