Mdiria wa Chupa Tupu

Jumatatu, 2 Februari 1998. Kanyosha.

Dirisha la baa limekufa! Bomu la juzi liliangukia bondeni, halikuua mtu, lakini vioo vyote vimemwagika. Vipya havipatikani: nchi jirani zimetuwekea vikwazo vya biashara. Shangazi yangu Tantine Dative, mwenye baa, ameniagiza nipigilie shitingi, yale maturubai ya plastiki, kama Eddy alivyoupigilia mtaa mzima. Eddy! Aliyenipokonya uenyekiti wa wanafunzi, leo bingwa wa plastiki!

Nimekataa. Taifa lililojeruhiwa na vita halifunikwi plastiki. Linadai nuru, tena nuru yenye rangi! Nitaunda dirisha la vioo vya rangi: mdiria akiinuka kutoka matete ya Ziwa Tanganyika. Ndege, si mtu. Hakuna atakayeuliza kabila lake. Siasa iliyokomaa!

Jumanne, 3 Februari.

Malighafi imepatikana. Nyuma ya baa: makreti ya chupa tupu za bia, za kijani na za kahawia, zimelala bila kazi kama vijana wa nchi hii. Nimezitaifisha.

Njia ni rahisi. Uzi uliolowekwa petroli unazungushiwa chupa, moto, kisha maji baridi. Tak! Petroli kaitoa Djibril, fundi wa magari, kwa kijiko, uso wake ukiwa wa mtu anayetolewa damu.

Tantine hakuwepo. Alikwenda Kigobe, mtaa wa wenye pesa, kuelewana na Mama Prudence: Jumamosi mahari ya binti yake Orlane italetwa, na koo mbili zitanywea kwetu. Sherehe ikifana, Kigobe yote itakuwa wateja. Isipofana, kasema, atafunga baa auze makaa. Nimefurahi sana. Hadhira ya uzinduzi!

Alhamisi, 5 Februari.

Chupa ni ya mviringo. Hilo halikuwamo katika ilani yangu. Kila kipande kimepinda, na mdiria amevimba tumbo. Djibril kauliza kama kiboko huyu ataatamia. Nimemweleza maana ya umbo katika sanaa. Kaenda zake kabla sijafika kwenye hoja ya pili.

Eddy naye kapita. Kauliza, kwa adabu ya kuudhi, chupa zimetoka wapi. Nikamjibu: zilikuwa tupu. Kashika kichwa kwa mikono miwili, kaondoka mbio. Wivu!

Ijumaa, 6 Februari.

Lori la depo ya bia limefika. Kumbe mji mzima unajua, isipokuwa mwanafunzi mmoja wa uchumi, mwaka wa tatu: depo haitoi chupa iliyojaa bila kupokea chupa tupu! Dereva katazama makreti, kamtazama mdiria, kapanda lori lake, kaenda.

Tantine hakunifokea. Alikaa juu ya kreti, akasema polepole kwamba kesho wageni wa Mama Prudence watakunywa maji, na keshokutwa yeye atatafuta magunia ya makaa. Bora angenifokea.

Wateja ndio walionifokea. Mzee Méthode, karani mstaafu, kapiga meza: “We mutoto wa université, mi nimekuja kunywa, apana kuangalia ndege!” Ngumi zikainuka. Miaka miwili nimeuhimiza umma wa Kanyosha uamke. Umeamka. Dhidi yangu! Hata hivyo, nidhamu yao ilinigusa.

Jumamosi, 7 Februari.

Eddy kapita nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, akiomba kila familia chupa tupu. Kila familia ina zake chini ya kitanda, zimetunzwa kama vitambulisho! Kazipeleka depo kwa pikapu ya Djibril, karudi na bia wakati wajomba wa bwana harusi wakishuka garini. Umaarufu wa bei rahisi.

Hotuba zikaanza. Jua likapenya kwa mdiria wangu. Ushindi! Kisha nikaona wazee wote wamekuwa kijani. Mjomba mmoja kaulizwa kama anaumwa. Mama Prudence kakataa picha, kasema hawezi kumwoza binti yake akiwa na sura ya maiti. Hapo mzinga ukalia mbali, milimani. Mdiria kaanguka, tumbo kwanza.

Hakuna aliyeumia, mimi tu, moyoni. Eddy kapigilia shitingi kabla povu halijatulia kwenye glasi. Sherehe ikaendelea. Mama Prudence keshaagiza ubatizo ufanyike hapahapa, ingawa mimba yenyewe haijatungwa bado.

Jumapili, 8 Februari.

Tantine kaniapisha, mkono juu ya Biblia, Mzee Méthode akiwa shahidi: sitagusa tena chupa tupu. Nimeapa kwa sauti kubwa. Nilikuwa na hotuba, kanikatiza.

Nimefanya uchambuzi. Sanaa haikushindwa, rangi ndiyo iliyotusaliti. Kijani na kahawia haviwezi kumbeba mdiria. Mdiria ni buluu!

Jioni nimepita dukani kwa Mzee Radjabu, muuza manukato. Rafu nzima ya vichupa vya buluu, vya pembe nne, bapa kabisa! Nimevitazama kwa makini, kimoja kimoja. Mimi ni mtu wa msimamo, na kiapo ni kiapo.

Vyote vimejaa.